Huyu Ni Nani Wenu

Wanyoike alikuwa mtu wa fremu. Kama ulifanya harusi huku Eastlands ya Nairobi, Makadara, Jericho ama Maringo, miaka ya sabini na ya themanini, basi wewe na bibi yako mlipitia mikono yake. Studio inakupa picha imefungwa kwa karatasi ya kaki, unaipeleka kwa kibanda chake pale karibu na korti, anaipima, anakata mbao, anaweka kioo, na unarudi nyumbani sasa umeoa kweli. Kabla ya hapo ilikuwa ni kama unajaribu.

Kibanda kilikuwa mahali pazuri. Watu wa kesi wote walipita hapo. Mtu akiachiliwa, anataka kitu cha kurembesha nyumba. Mtu akifungwa, watu wake wanataka picha yake iwekwe fremu, watoto wasije wakamsahau. Wanyoike alikuwa anasema korti ikimeza yeye anakula, na korti ikitema yeye anakula. Na alikula. Alikuwa na nyumba ya kanjo, ya kupanga kwa baraza la jiji, bibi anaitwa Warigia, binti mmoja Waruguru, na Jumapili kanisani walikuwa wanakaa benchi za mbele. Kama angeacha mambo hapo, leo angekuwa na ploti Lucky Summer kama wenzake. Hakuacha.

Mwaka wa sabini na tatu alitaka bango jipya la kibanda. Akaambiwa kuna kijana wa Mathare anaandika mabango ya hoteli na bucha, anaitwa Omolo, mkono wake ni safi. Omolo akaja na mikebe yake ya rangi na kipande cha hadibodi, ule ubao mwembamba, cha kufutia brashi. Akaandika bango, akamaliza, akaenda kunawa mikono. Wanyoike akachukua ile hadibodi aiweke kando, akaigeuza, na upande ule mwingine kulikuwa na mama.

Mama alikuwa kwa foleni ya maji. Sio mama mrembo. Amekalia debe lake, kitambaa cha kichwa kimeteleza, anaangalia mbele, na unaona kabisa huyu ni mtu amefikiria kitu kimoja tangu asubuhi na hajapata jibu. Nyuma yake hakuna mlima, hakuna mti, hakuna ng'ombe. Ni mabati tu, ile rangi ya mabati yakipigwa na jua la saa nane, huwezi kujua ni nyeupe ama ni nyeusi. Na kwa leso ya huyo mama Omolo alikuwa amepaka ile nyekundu ya bucha, ile ya kuandika NYAMA.

Sasa, Wanyoike alikuwa ameweka fremu kwa picha nyingi kuliko mtu yeyote wa Jogoo Road, na sidhani alikuwa amewahi kuangalia hata moja. Alikuwa anapima tu. Hii akaiangalia. Mteja akaja, akaongea, akangoja, akaenda zake.

Omolo aliporudi akaulizwa huyu mama ni nani. Akasema hata hamjui, alimwona tu kwa bomba, na hadibodi ilikuwa karibu. Wanyoike akamwambia asifutie brashi hapo tena.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuuza picha za kuchorwa. Alimnunulia Omolo hadibodi na rangi, Omolo akachora, yeye akaweka fremu, halafu akaanza kutafuta ukuta. Njia rahisi ilikuwa mjini. Kuna jamaa anaitwa Kabiru, walisoma Sunday school pamoja, alikuwa na duka la watalii huko tao. Kabiru aliangalia yule mama wa debe kidogo tu, akamrudishia. Akamwambia alete twiga. Alete jua likitua, na Mmaasai amesimama kwa mguu mmoja. Mtalii, Kabiru alisema, amepanda ndege kukimbia watu wamechoka, huwezi kumuuzia mwingine ameketi kwa debe.

Lakini hata kama Kabiru angekubali, Wanyoike hakuwa anatafuta mtalii. Alitaka kitu kimoja, na alikitaka mpaka kikamla. Alitaka watu wa Eastlands watundike Eastlands kwa nyumba zao. Mtu wa Makadara akae kwa kiti chake, akunywe chai, ainue macho aone kitu kimechorwa na mtu anaishi hapo chini mtoni Mathare, juu ya maisha ya leo. Sio ya zamani, sio ya mbuga. Ya leo. Alikuwa anakushika shati akiongea hayo maneno, mpaka unaanza kutafuta kwa macho mahali utatokea.

Hakuna mtu angenunua kitu hajui ni cha nini, na hilo Wanyoike alilijua. Kwa hivyo akabuni njia yake. Alikuwa anakuletea picha mwenyewe, na nyundo yake, na msumari wa chuma wa kuingia kwa zile kuta ngumu za kanjo. Anaitundika, anakuambia ikae hapo mwezi mmoja. Akirudi, kama bado unaiona ni takataka, anaichukua bila maneno. Kama umeizoea, mtaongea.

Ubaya wa hiyo njia ni kwamba alisahau ukuta wa Eastlands ni wa nani. Hata yeye, mtu alikuwa anaingia kwa hizo nyumba kila wiki. Ukuta ni wa watu wa nyumba. Kuna picha ya harusi. Kuna babu na koti la jeshi. Kuna mtoto wa kwanza amekalishwa kwa kiti cha studio analia. Kuna Yesu, na kalenda ya duka. Wote wametundikwa juu karibu na dari, wameinamishwa na kamba, na kitambaa cha kushonwa kimewekwa juu ya kichwa, wanakuangalia kutoka huko kama wanataka kujua umekuja kula nini. Hakuna mtu anakaa kwa ukuta bure. Kama uko huko, uko na ukoo.

Na Wanyoike alikuwa anatundika zake chini, macho kwa macho. Alisema picha ya maana haiangaliwi kama ndege ya juu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Chege, jirani yake, fundi wa reli. Chege alikubali kwa sababu hakuwa anajua kukataa. Mama wa debe akatundikwa pale juu ya redio. Jumamosi hiyo bibi yake, Asenath, alikuwa na wamama wa chama, wale wa kuchangiana pesa. Wakaingia, wakasalimiana, wakaketi, na kabla chai haijamiminwa mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, "Huyu ni nani wenu?"

Asenath akamwangalia Chege. Chege akasema sio mtu wao, ni picha tu. Yule mama akapuliza chai yake, akasema pole pole, "Ni picha tu ya mwanamke."

Hiyo ilitosha. Wamama walipoenda, Asenath aliuliza maswali kwa sauti ya chini, na Chege alijua sauti ya chini ndio mbaya. Aliapa hamjui huyo mwanamke. Akaulizwa kwa nini basi amemleta. Akasema ameletwa na Wanyoike. Akaulizwa Wanyoike amemjulia wapi. Kabla wiki haijaisha Asenath mwenyewe alibeba ile picha mpaka kibandani, mchana, wateja wamejaa, akaiweka kwa meza.

"Baba Waruguru, chukua bibi yako."

Wanyoike akaanza kumweleza. Akamwambia huyu sio mtu, ni sanaa.

"Kama sio mtu," Asenath akasema, "mbona ananiangalia nikivaa?"

Wateja walicheka mpaka askari wa korti akaja kuona ni nini.

Nyumba zingine zilikuwa hivyo hivyo. Kijana anapiga gita, wakaulizwa kama ni mtoto wa nje. Mzee wa kushona viatu, wakaulizwa kama ndiye alikufa na kama matanga yalifanywa bila watu kuambiwa. Kila mahali ni hilo swali moja, huyu ni nani wenu, na hakuna jibu mtu anaweza kutoa halafu alale vizuri. Mtu mmoja tu alinunua vile Wanyoike alitaka watu wanunue, naye ni Fowsiya, yule mama Msomali wa duka la vitambaa. Yeye hataki sura ya mtu kwa nyumba yake, dini yake haipendi. Lakini Omolo alikuwa na picha moja ya nguo zimeanikwa kwa kamba, nyumba za nyuma hazionekani kwa ajili ya mashuka. Fowsiya aliishika akaipeleka kwa mwanga, akasema huyu kijana anajua kitambaa kikilowa kinalala namna gani. Akalipa. Wanyoike aliongea hiyo siku kwa miaka kumi. Ni kama mtu alionja nyama mara moja.

Picha zikarudi, zikajaa nyumbani kwake chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwa njia ya kwenda jikoni. Omolo hakuwa na shida. Alikuwa kijana wa kucheka, akamwambia, "Mzee, wacha niwachoree twiga tupumzike."

"Twiga uliona wapi wewe? Mathare?"

Aliyechoka ni Warigia. Yeye ndiye alikuwa akigonga mguu kwa hizo mbao asubuhi. Siku moja, bila hata kufikiria, akamwambia bwana yake, "Si uwaambie ni shangazi yao."

Alikuwa anamchokoza. Lakini Wanyoike aliweka kikombe chini, na mimi nasema hapo ndipo kosa lilianzia.

Kwa sababu kuna kitu anajua kila mtu wa umri wake. Zile nyumba zilikuwa na watu hawakuwahi kupigwa picha. Watu walikufa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, kwa vijiji vya kuzungushiwa mitaro, ama walipotea. Hakukuwa na studio huko. Una mama, unamkumbuka, lakini kwa ukuta hayuko. Chege alikuwa mmoja wao. Mama yake alikufa Chege akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi.

Wanyoike akambeba mama wa debe tena, akarudi kwa Chege jioni. Hakusema sana. Alimuuliza tu kama mama yake hakuwa anaketi hivyo. Chege aliangalia. Baadaye akasema, "Alikuwa anaketi hivyo hivyo." Asenath alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na mwiko. Yeye hakuwahi kumjua mama mkwe. Akaenda kuleta kitambaa.

Wakamtundika juu karibu na dari, kwa kamba, akiinama. Na wageni walipouliza huyu ni nani wenu, Chege akasema ni mama. Wakasema aaa, wakavua kofia.

Maneno yakaenda mbio. Watu wakaanza kuja kibandani wenyewe. Mmoja anataka mjomba, mwingine anataka nyanya upande wa mama, awe mnene kidogo. Wanyoike alikuwa anawatolea zile picha zimelala chini ya kitanda, wanachagua kama viatu. Yule mpiga gita akawa ndugu wa mtu wa Maringo. Mshona viatu, ambaye alikuwa mzima kabisa, anashona viatu pale Mathare, akawa marehemu wa familia mbili. Watu walilipa, na walilipa vizuri. Ukiingia estate yetu miaka hiyo, karibu kila nyumba ya pili iko na kazi ya Omolo, na hakuna mtu hata mmoja anajua ni kazi ya Omolo.

Wanyoike alijua. Alikuwa anasema wazoee kwanza, halafu atawaeleza. Ukuta umefunguka, alisema, maneno mengine yatafuata.

Omolo alienda siku moja kwa Chege kuandika jina la mtoto kwa sanduku la shule. Akainua macho akaona mama wake wa debe huko juu, amevikwa kitambaa, uso umefichwa nusu, na maua ya plastiki pembeni. Asenath akamwambia usiweke rangi karibu na mama mkwe wangu. Omolo hakucheka hiyo siku. Alitembea mpaka kibandani, akamwambia Wanyoike kwamba alikuwa amechora mtu yuko hai, yuko kwa foleni, ana hasira, na sasa wamemfanya maiti wa mtu mwingine. Wanyoike akamwambia angoje. Omolo akasema yeye hangoji.

Alikaa miezi hajaonekana. Aliporudi alikuwa na hadibodi kubwa, ndefu, ya umbo si la kawaida, ilikuwa mlango wa kabati ya mtu. Alikuwa amejichora mwenyewe. Yuko juu ya ngazi, brashi ameiuma na meno, amegeuka nusu anakuangalia chini kana kwamba wewe ndiye umeshika ngazi, na hana hakika na wewe. Nyekundu ya bucha imemrukia shati. Akaiegemeza kwa meza.

"Sasa huyu mtasema ni mama ya nani?"

Fremu ya hiyo picha Wanyoike alitengeneza wiki nzima. Korti ilikuwa imetupa benchi imevunjika, ya mvule, mbao ambayo watu walikuwa wanaikalia miaka na miaka wakingoja kuhukumiwa, na kwa sehemu ilikuwa imelainika yenyewe. Akaikata hiyo. Na hakumpa mtu. Aliitundika nyumbani kwake, chini, macho kwa macho, bila kamba na bila kitambaa. Warigia aliiona. Alisema nyumba ilikuwa kama imepata dirisha lingine.

Sasa fikiria. Sebule ya mtu wa kanisa, Mkikuyu, na kwa ukuta kuna Mjaluo na brashi mdomoni. Swali likaja. Liliulizwa na mzee wa kanisa, likaulizwa na wakwe, likaulizwa na mtu wa kusoma mita. Huyu ni nani wenu? Mwanzoni Wanyoike alikuwa anaeleza ni kazi ya msanii, ni sura ya wakati wetu. Wanatingisha kichwa, halafu wanauliza tena. Akachoka. Akaanza kusema, "Ni ndugu yangu," ili chai iendelee. Alimwambia kila mtu. Alimwambia hata Aoko, dada ya Omolo, alipokuja kuleta samaki. Aoko alicheka sana. Kutoka siku hiyo akawa anamwita ndugu, na kila akipita na samaki anamwachia mmoja, na hakubali pesa, kwa sababu mtu hauzii ndugu.

Hivyo ndivyo mambo yalikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa na ule unga wa njano wa msaada, Kabiru alipokuja Makadara. Alikuwa amefungua mahali pakubwa mjini, pa kuonyesha picha tu, na alikuja kwa Wanyoike nyumbani kuongea bei ya fremu za jumla. Akaingia, akaona Omolo kwa ukuta, na hakuuliza ni nani wao. Alisimama. Alisogea akarudi. Akaketi, akasimama tena. Akasema kuna watu wanakuja kutoka nje, wenye majumba makubwa ya picha, wamechoka na twiga, wanataka kuona watu wa mjini wanachora nini. Atampa Wanyoike ukuta mzima, apange picha zozote za Omolo. Lakini huyu awe katikati.

"Bila huyu jamaa," Kabiru akasema, "mimi sina ukuta."

Wanyoike alikubali kabla chai haijaiva, na ninajua kwa nini. Aliwajua watu wake. Mtu wa Eastlands hataamini kitu kiko kwa mlango wake mpaka mjini pakiimbe. Picha zikisifiwa huko, gazeti likiandika jina la Omolo, basi Asenath atatoa kile kitambaa, atamshusha yule mama kutoka dari, na atasema hii ni kazi ya kijana wa Mathare. Miaka kumi na moja alikuwa akingoja kusikia hilo neno. Omolo naye alinunua shati jeupe la kuvaa siku hiyo, akaliacha kwa Warigia lisishikwe na rangi.

Akazikwa nalo. Alikuwa anaandika jina kwa ukuta wa godauni Industrial Area, ngazi ikateleza. Zilikuwa zimebaki wiki mbili maonyesho yaanze.

Aoko alikuja kwa Wanyoike na wazee wawili wa kwao. Walikunywa chai. Walisema gari la kupeleka mwili nyumbani kwao Siaya liko, michango imepatikana, kumebaki kitu kimoja. Mtu anatangulizwa na picha yake. Inakaa mbele ya jeneza, inapokewa na mama, inajulisha watu ni nani amerudi. Na Omolo hakuwahi kupigwa picha isipokuwa ile ya kipande, kitambulisho chake, na kipande kilikuwa mfukoni alipoanguka, kimeharibika.

Wanyoike akasema wachukue picha nyingine yoyote. Aoko akamuuliza, ya yule mpiga gita? Akasema basi wangoje, maonyesho yapite, ni siku chache. Wazee wakaangalia vikombe vyao. Aoko hakupandisha sauti.

"Wewe ulisema ni ndugu yako. Ulisema mbele yangu, hapa nikiwa na samaki kwa mkono. Ama ulikuwa unasema tu?"

Warigia anasema bwana yake aliinuka akaenda pale kwa picha. Angeweza kusema hiyo ni picha, sio mtu. Alikuwa amesema hivyo kwa nyumba zote za Makadara. Lakini ni yeye tena alizunguka hizo nyumba akiwaambia ni mama, ni mjomba, ni shangazi. Akateremsha picha. Akasema ataibeba mwenyewe mpaka huko, na arudi nayo wakimaliza.

Akaibeba kwa mapaja, safari nzima. Huko alikuta watu wengi, na mama ya Omolo akaipokea picha na mikono miwili, akailaza kwa kifua, akaizungusha boma yote akimwonyesha mtoto wake mahali alizaliwa. Wakazika. Wanyoike akangoja siku iliyofuata, akaenda kwa baba ya Omolo, mzee mkavu, mpole, akaeleza mambo ya Kabiru. Akasema ni wiki mbili tu, atamrudisha.

"Aende mjini kufanya nini?" mzee akauliza. "Si ametoka mjini."

Wanyoike akaeleza tena. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba amemwita Omolo ndugu mbele ya watu, kwa hivyo anajua mwenyewe ndugu akishaletwa nyumbani hatolewi tena. Akaita vijana. Wakaleta picha, na mzee mwenyewe akang'oa misumari ya nyuma, pole pole, asikwaruze mbao. Akatoa hadibodi, akampa Wanyoike fremu.

"Hii ni kazi ya mkono wako, hatuwezi kula jasho lako. Mtoto ni wetu."

Walimtundika Omolo ndani ya simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana alijengewa kabla hajaenda Nairobi. Hakuwa na bibi wala mtoto, na kwa ukoo wao nyumba kama hiyo haikarabatiwi. Inaachwa ianguke yenyewe. Wanyoike aliingia kumuaga. Alisema nyasi za paa zilikuwa zimeoza, na mwanga ulikuwa unaingia kwa tundu moja, unapiga pale pale kwa uso, na ulikuwa mwanga mzuri sana. Mvua haikuwa mbali.

Alirudi na fremu tupu. Kwa basi watu walikuwa wanamuuliza anapeleka wapi mbao haina kitu katikati. Kabiru alimpa pole za kawaida. Alisema hana ubaya na mtu, lakini wageni wamekatiwa tiketi, na ukuta haukai bure. Akaujaza twiga. Nasikia waliwapenda.

Wanyoike akarudi kibandani, harusi na vyeti vya shule, kupima na kukata. Akiulizwa juu ya picha za kuchorwa anasema mbao imepanda bei. Ile fremu ya mvule ilikaa nyuma ya mlango mwaka mzima na zaidi. Hakuna kitu kilienea ndani yake, ilikuwa ndefu sana.

Halafu siku moja Chege akaja, amevaa suti ya Jumapili katikati ya wiki, kitu kimefungwa kwa karatasi. Aliketi, akauliza Waruguru yuko darasa gani, akaondoa karatasi pole pole kama mtu anafungua mtoto. Ilikuwa twiga, na jua nyuma yake. Alikuwa ameenda mwenyewe mpaka kwa Kabiru, akalipa kabisa.

"Miaka yote ulikuwa unatuambia tununue sanaa, na sisi hatukuwa tunaelewa," Chege akasema. "Sasa nimeelewa, bana. Nataka ukae pale juu ya redio, chini, macho kwa macho vile ulikuwa unasema. Yule mama wa debe tumempeleka stoo, sofa ni mpya, na watoto wanasema anawaangalia vibaya."

Wanyoike alimshika yule twiga, akamgeuza nyuma, akamgeuza mbele. Akachukua futi akapima. Chege akamwambia aweke mbao nzuri, hataki zile za kawaida. Wanyoike akaenda nyuma ya mlango, akatoa ile ya mvule, akailaza kwa meza, akatia alama na penseli, akaanza kuikata na msumeno.

Chege alikuwa anaangalia unga wa mbao ukianguka, amefurahi. Alisema uzuri wa huyu ni kwamba wageni wakija, hakuna mtu atauliza ni nani wenu.